MAONI: Kampuni za gemu zituuzie za zamani kwa bei ya haki kabla ya kutuita wezi

Sh7,700. Hizo ni pesa za gemu tatu ambazo huenda wewe ulizimaliza ukiwa bado shule ya msingi.

Nazungumzia Grand Theft Auto III ya 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004. Novemba 2021, kampuni ya Rockstar ilizipaka rangi upya, ikazifunga pamoja na kuziuza kwa dola 59.99. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh7,700. Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida mjini Mombasa, ulipopandishwa Novemba 2024, ulifika Sh16,113.75 kwa mwezi. Yaani mzazi anayebeba magunia Changamwe mwezi mzima atoe karibu nusu ya mshahara kumnunulia kijana wake gemu ya miaka ya 2000. Kodi ya nyumba na unga vitajijua.

Sasa nenda Mtongwe, nenda Mlaleo, nenda Chaani. Uliza vijana wangapi wamewahi kucheza San Andreas. Utahesabu vidole vya waliokosa. Kisha uliza wangapi walinunua nakala halali. Utachekwa, bana.

Msimamo wangu ni huu. Aliyeunda gemu ana haki ya kulipwa, hilo sina ubishi nalo. Lakini anayekataa kutuuzia, au anayetuuzia kwa bei ambayo anajua hatuiwezi, asije kutuita wezi. Na sisi nasi, siku tunapowekewa bei tunayoiweza halafu bado tukapita kando na flashi mkononi, hatutakuwa na la kujitetea.

Tusidanganyane kuhusu tulikotoka. Wengi wetu Likoni, Kisauni na Changamwe tulijua gemu kupitia PS2 iliyotiwa chip na diski za kuchoma zilizouzwa kando ya barabara, zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Tulikaa kwenye kibanda cha PS, watu kumi kwa pedi mbili, tukilipa sarafu chache kwa mechi. Leo kibanda kimehamia kwenye simu. Unaweka PPSSPP, ambayo ni emuleta, yaani programu inayoifanya simu yako ijifanye PSP, halafu rafiki anakurushia gemu. Kazi imeisha.

Wengi huamini kwamba gemu ikizeeka basi ni ya bure. Si kweli. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, kwa hivyo kazi za nje zinalindwa hapa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na kitabu: ulinzi wake unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani ni zaidi. Kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu ilipotolewa. Piga hesabu: San Andreas ya 2004 itakuwa huru huko Januari 2100. Mimi na wewe tutakuwa tumeshazikwa.

Jambo jingine ambalo watu huchanganya ni emuleta. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa hoja ya Sony kwamba kuichunguza pleisteshen ili kuunda emuleta yake ni kuvunja hakimiliki. Kwa hivyo PPSSPP kwenye simu yako haina kosa. Kesi iko kwenye gemu uliyorushiwa. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye kibanda, unayetoza watu wacheze nakala za kuchoma, basi wewe ndiye uliye karibu zaidi na faini au kifungo, si yule kijana aliyelipa sarafu zake.

Hapo ndipo pananikera. Sheria inamfikia kijana wa Likoni bila shida, lakini duka halimfikii. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inaruhusu kufungua akaunti ya PlayStation Network. Anayetaka kununua gemu halali analazimika kudanganya ati anaishi Marekani au Uingereza. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazihudumiwi, na sisi tulikuwa ndani. Steam yenyewe inatuuzia, lakini kwa dola na kwa bei ya Mmarekani. Afrika Kusini wanauziwa kwa randi. Sisi tuna nini?

Afadhali basi tungeweza kununua toleo la zamani, lenye picha za zamani, kwa bei ya zamani. Wapi! Rockstar ilipokaribia kutoa zile GTA zilizopakwa rangi, iliyaondoa matoleo ya awali kwenye maduka ya mtandaoni. Watu wakabakiziwa jipya pekee, na jipya likatoka bovu: sura za wahusika zimevurugika na mvua inaziba barabara. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi na kuyarudisha matoleo ya awali kwa wenye kompyuta. Bila kelele hizo, sijui kama wangeyarudisha.

Nintendo ilifanya vyake pia. Septemba 2020 ilitoa mkusanyiko wa Super Mario 3D All-Stars, wenye gemu za 1996, 2002 na 2007, kwa dola 59.99. Machi 31, 2021 ikauondoa sokoni. Miezi sita na siku chache tu. Najua Chaani si mtaa wa Nintendo, lakini mbinu ndiyo ileile: adimisha bidhaa, mnunuzi apate kiwewe, alipe bila kuuliza.

Na kama unadhani hayo hayakuhusu, fikiria FIFA, ambayo ndiyo inayolipa kodi ya vibanda vingi vya PS huku kwetu. EA na shirikisho la FIFA walipotengana, EA ilibadilisha jina la gemu yake, na Septemba 2023 ikaziondoa FIFA za miaka ya nyuma kwenye maduka ya mtandaoni, hata FIFA 23 iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Ukiitaka leo, unatafuta diski ya mtumba. Pesa zako zipo, muuzaji hayupo.

Hili si la gemu mbili tatu. Shirika la Video Game History Foundation lilichunguza mwaka 2023 likakuta kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Hiyo ni Marekani, kwenye maduka yote na kadi zote. Maktaba za huko ziliomba ruhusa ya kuwaazima watafiti gemu hizo kupitia intaneti, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Kwa hivyo kampuni haiuzi, na maktaba haiwezi kuazima. Unabaki na nani? Unabaki na yule jamaa wa flashi.

Halafu ucheke kidogo. Desemba 2018 Sony iliuza PlayStation Classic, kijisanduku chenye gemu 20 za zamani, kwa dola 99.99. Kilichokuwa kinaziendesha gemu hizo ndani ni PCSX ReARMed, emuleta iliyoundwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Leseni yake inaruhusu, kwa hivyo Sony haikuiba. Lakini hawa ndio walioburuta waunda emuleta mahakamani karibu miaka 20 kabla. Mkuki kwa nguruwe.

Kuna atakayeniambia kwamba bei ni bei, na kampuni haina deni na mtu. Sawa. Lakini wenzao wameonyesha kwamba inawezekana. Netflix ilishusha bei Kenya mwaka 2023, mpango wa simu ukawa Sh200 kwa mwezi, kwa sababu walijua mfuko wa hapa. Tena Desemba 2023 waliwapa wateja wao zile GTA tatu kwenye simu bila malipo ya ziada. Wakati huo ukiacha kulipa ulikuwa unazikosa, lakini walau mlango ulifunguliwa. San Andreas ya simu nayo ilipotoka Desemba 2013 iliuzwa dola 6.99, kama Sh900 kwa kiwango cha sasa. Gemu ni ileile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Poland. Miaka ya 1990 soko la Warsaw lilijaa gemu za kuchoma kama mitaa yetu. Kampuni ya CD Projekt haikukimbilia polisi. Mwaka 1999 iliitafsiri Baldur's Gate kwa Kipolandi, ikaweka ramani na vikorokoro vingine ndani ya boksi, ikaweka bei ya kushindana na wachomaji, na watu wakanunua. Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo ikafungua duka la GOG, linalouza gemu za zamani kwa bei ya chini, zikiwa zimerekebishwa ziende kwenye kompyuta za sasa na bila kufuli. Ukinunua unapakua, unaweka, ni yako. Biashara hiyo ipo hadi leo.

Kwa nini nijisumbue na hakimiliki badala ya kusema tu chukueni? Kwa sababu kuna kijana Kiembeni sasa hivi anajifunza kuunda gemu kwenye laptopu ya kuazima. Kenya ina historia yake: Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi miaka ya 2000, wakati wengi wetu hatukujua kwamba Mkenya anaweza, na Ma3Racer ikatuletea mbio za matatu kwenye simu za Nokia. Tukizoea kwamba gemu ni kitu cha kurushiana bure, huyo wa Kiembeni akitoa yake tutamrushia nani pesa? Mazoea hayabagui kampuni kubwa na mtoto wa jirani.

Na gemu zetu zenyewe nani anazihifadhi? Diski na memori kadi havipendi joto wala hewa ya chumvi ya pwani hii. Simu za zamani zinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma. Kumbukumbu ya kizazi kizima cha Likoni, Kisauni na Changamwe imo kwenye plastiki inayokwaruzika.

Ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, kampuni zinazotaka tuheshimu hakimiliki zitufungulie duka, ziweke bei kwa shilingi na zipokee M-Pesa. Gemu ya miaka 20 iuzwe kwa bei ya gemu ya miaka 20. Na toleo jipya likitoka, la awali libaki dukani.

Pili, serikali na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, watumie mlango ambao sheria yetu tayari inao. Inaruhusu maktaba za umma na vituo vya kumbukumbu visivyo vya kibiashara, vikishaidhinishwa, kunakili kazi kwa manufaa ya umma bila kupata faida. Waandike kanuni zinazotaja gemu kwa jina: ikiwa haijauzwa nchini kwa miaka kadhaa, maktaba iihifadhi na watu wakaicheze palepale. Tuanze na za Wakenya.

Na wewe una lako la kufanya. Kabla ya kumwomba rafiki akurushie, angalia kwanza kama gemu inauzwa kwa pesa unayoweza kuitoa. Kama ipo kwa bei ya chakula cha siku mbili tatu, jibane ununue. Kama ni ya Mkenya, nunua hata kama unaijua njia ya mkato. Kama haiuzwi popote, iandikie kampuni uwaulize kwa nini, na uwaambie unaandika kutoka Mombasa. Wakipata barua moja wataitupa. Zikija elfu kumi kutoka mji mmoja, mtu fulani ofisini ataanza kupiga hesabu ya shilingi.