Asante ya Dakika Mbili



Katika vakansi ya Pasaka masomo yetu yalipokea mkutano wa vijana wa Jumuiya. Wajumbe walikuwa karibu 400, wakakaa siku nne. Madarasa yaligeuka kuwa vyumba vya kulala, na kiwanja cha mpira kikawa kanisa lenye paa la shitingi. Wengi wenu mlikuwa kwenu nyumbani. Mliporudi mlikuta mabenchi yamepangwa ovyo na majivu mengi nyuma ya jikoni, mkanung'unika. Wote waliokuwako wanasema mkutano ulienda vizuri. Sisi pia tunasema hivyo. Lakini tuko na ulizo moja: ni nani aliyeuendesha?

Siku ya kufunga, muongoza programu alishika mikro. Alishukuru wageni wa heshima, akashukuru wachungaji, wasemaji, korali zote saba moja moja kwa jina, na yule mzee aliyetoa ng'ombe. Kisha akatazama saa yake na kusema: "Tusisahau na wale wote waliotusaidia huku na huku, Mungu atawalipa." Watu wakapiga mikono. Ilichukua dakika mbili, na pengine haikufika. Wakati ule, wale wa "huku na huku" hawakuwa ndani ili wasikie. Walikuwa wanaosha masufuria.

Kati yetu tunaoandika ukurasa huu, wanne tulikuwa katika kundi lile. Tunasema mapema, ili mtu asije akatuambia kwamba tunajitetea kwa kujificha. Ndiyo, tunajitetea kidogo. Lakini tunasema zaidi kwa ajili ya wengine, ambao hawana buletini ya kuandikia.

Tuchukue maji tu, na tufanye hesabu. Mtu mmoja, kwa kunywa, kupikiwa, kunawa mikono na kuoga kidogo, tumhesabie litri 10 kwa siku. Ni kidogo sana, nyumbani tunapita hapo. Watu 400 wanahitaji litri 4000. Bidoni moja ya njano inabeba litri 20, basi ni bidoni 200 kila siku, na kwa siku nne ni 800. Litri moja ya maji ina kilo moja, basi kila bidoni ni kilo 20 juu ya kichwa cha mtu. Robine ya masomo ilikauka siku ya pili asubuhi (wanaokaa interna hawatashangaa), ikabidi maji yote yatoke kule chini kwenye chemchemi. Kutoka kule mpaka jikoni ni kupanda tu, na mvua ilikuwa imenyesha. Waliokuwa wanabeba walikuwa 23, wasichana 15 na wavulana 8. Gawanyeni wenyewe.

Wengine walianza kazi mbele ya jua. Wamama wa jikoni waliwasha moto saa kumi za usiku ili chai iwe tayari saa kumi na mbili na nusu. Mnajua bugali wa watu 400 unasongwa namna gani? Mwiko wake ni kama pagaya ya mtumbwi, na mama anasimama juu ya mawe na kuvuta kwa mikono miwili, macho yamefungwa juu ya moshi. Tulimuuliza mmoja kama hachoki. Alitucheka: "Batoto, kuchoka iko ya banaokaa. Mimi nikikaa ndiyo nitajua kama nimechoka." Sombe ilipondwa usiku. Wajumbe waliolala karibu walileta malalamiko kwamba kinu kinawanyima usingizi. Kesho yake wakarudisha sahani mara mbili.

Kazi ambayo watu hawapendi kuitaja ni ile ya vyoo. Vijana watano wa parokia, hakuna hata mmoja wa masomo yetu, walimwaga maji na majivu, wakafagia, wakatia maji ya klore katika ndoo za kunawia, mara tatu kwa siku. Watu waliwapita huku wameziba pua. Huku kwetu Kivu kolera haiko hadithi. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi karibu ya Goma, kolera na kuhara damu ziliua maelfu na maelfu ya watu kwa majuma machache tu. Tangu pale haijatuacha, inalala na kuamka. Watu 400 wanaotumia vyoo 12 kwa siku nne, kisha wanarudi kila mmoja katika kijiji chake: mtu mwenye akili aone jambo gani lingeweza kutokea. Halikutokea. Na kwa sababu halikutokea, hakuna aliyewashukuru wale watano. Mpishi akiharibu chakula watu wote wanajua. Mfagiaji akifanya kazi yake vizuri, hakuna kitu cha kuona.

Tungeweza kusema pia habari za protokole waliosimama mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni na kitambaa chekundu kifuani, wakitukanwa na kila aliyechelewa, na habari ya yule mwalimu kijana aliyetafsiri Kifaransa katika Kiswahili siku zote nne, saa sita kwa siku, mpaka sauti ikakatika. Msemaji mmoja alikuwa anasahau kupumzika na kumwachia nafasi. Lakini tutajaza buletini.

Sasa tuingie katika maneno magumu.

La kwanza ni chakula. Wale waliopika na kubeba walikula nyuma ya wote. Siku ya tatu nyama iliisha mbele ya kuwafikia, wakakula bugali na mchuzi. Hatusemi kwamba mtu aliwaibia. Hesabu ya chakula ilifanywa kwa wajumbe, kwa wasemaji na kwa wageni, na hakuna aliyekumbuka kuandika wanaosaidia kwenye karatasi ile. Walikuwa karibu watu 60. Ukisahau watu 60 wakati wa kupima unga, ulikuwa unafikiri ni nani atakayeusonga?

La pili. Mwenzetu mmoja, msichana wa darasa la tano, aliungua na maji ya moto kwenye mguu. Dispansari ilimtibu, lakini dawa ilinunuliwa na mama yake, ambaye anauza ndizi sokoni. Hakuna mtu wa komite aliyekwenda kumuona mpaka masomo yalipoanza tena. Wakati huohuo wasemaji walipewa bahasha. Hatukatai bahasha ya mtu aliyetoka mbali katika barabara zetu hizi. Lakini komite inayojua kutayarisha bahasha inaweza kutayarisha pia pomade ya mtu aliyeungua.

La tatu linatuhusu sisi na wakubwa wetu, na tunaomba walisome kwa uvumilivu. Kati ya wale 23 wa maji, 11 hawakujitolea. Walibakishwa katika vakansi kwa sababu walikuwa na deni la nidhamu, wakaambiwa wachague, kubeba maji ao kuita wazazi. Kisha katika raporo waliandikwa "wanafunzi waliojitolea." Wazazi wetu wanajua salongo ya wakati wa Zaïre, miaka ya 1970: ilisifiwa kwenye radio kama upendo wa nchi, na asiyekwenda alitafutwa kwake. Tangu pale watu wengi huku wakisikia "kazi ya jumuiya" wanaona nyuma yake fimbo. Azabu iitwe azabu, hatuikatai ikiwa ni ya haki. Kibarua aitwe kibarua na alipwe. Kujitolea ni kitu kingine: mtu anatoa saa zake bila kusukumwa na bila kulipwa, na angeweza kulala. Tukichanganya haya matatu katika jina moja, tunaharibu lile moja lililo jema. Na mwaka kesho wale waliokuja kwa moyo watakimbia, ili wasihesabiwe pamoja na wenye azabu.

Tayari wanakimbia. Wafinalisti wengi waliosaidia Pasaka wametuambia: "Siye hatutarudia. Banakula, bananenepa, siye tunabaki na mgongo." Mkutano mkubwa wa Jumuiya yote unakuja hapa Agosti, na watu watapita wale 400. Ndiyo sababu tunaandika sasa, wala hatungoji tena asante ya dakika mbili.

Tukubali na makosa yetu. Wawili kati yetu sisi wanne tulijiandikisha kwa sababu ya kile kikaratasi chenye jina kinachovaliwa shingoni, na kwa sababu tulisikia kwamba kutakuwa na ng'ombe. Siku ya kwanza tulitembea-tembea sana mbele ya wasichana wa korali za mji. Mama mmoja wa jikoni ndiye aliyetuvua kiburi. Hakutukaripia. Alitupa tu kila mmoja bidoni na kusema, "Baba, musaidie." Mtu wa umri wa mama yako akikuita "Baba," utakataa namna gani?

Tumezungumza haya na wakubwa kadhaa. Mzee mmoja alitujibu kwamba mtu anayetumika kwa Mungu hatafuti sifa, na mkono wa kuume ukitoa, wa kushoto usijue. Ni neno kubwa, na hatulikatai. Lakini tuliangalia vizuri neno lile linaambiwa nani. Linaambiwa anayetoa. Anayepokea hakuambiwa afunge macho. Mama wa jikoni akisema "Mimi sitaki kutajwa," huo ni unyenyekevu wake. Komite ikisema "Mama wa jikoni hataki kutajwa," unyenyekevu ule umeibiwa.

Na Biblia yenyewe haikuogopa kutaja. Someni Nehemia sura ya 3. Wakati wa somo la dini tulikuwa tunairuka sababu ni majina tu. Tulipoirudia juma lililopita tuliona kumbe ni raporo ya kazi, lango kwa lango, nani alijenga kipande gani cha ukuta wa Yerusalemu. Wamo wafua dhahabu na watengenezaji wa marashi, watu wasiozoea kubeba mawe. Yumo mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Na wale wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao, nao wameandikwa, kwamba walikataa! Katika Matendo sura ya 6 wajane walikuwa wanasahauliwa katika chakula cha kila siku, kukawa manung'uniko kama haya yetu. Mitume hawakuambia watu wanyamaze. Waliweka wanaume saba kwa kazi ya meza, na majina ya wote saba tuko nayo mpaka leo.

Hata huko nje wamelifikiri. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 5 Desemba kuwa siku ya watu wanaojitolea katika ulimwengu mzima. Hapa kwetu siku ile inapita kimya, kila mtu akiwaza mitihani.

Basi tunaomba nini? Hatuombi pesa, tuseme wazi. Tunaomba wanaosaidia waandikwe kwenye hesabu ya unga mbele ya mkutano, na wakule kwa zamu wakati chakula kingali na moto. Zamu hiyohiyo ingewafaa pia kwa mafundisho: msichana aliyebeba maji siku nne hakusikia hata somo moja, ingawa mkutano ulikuwa wa vijana, naye ni kijana. Komite iweke pembeni kitu kidogo kwa mgonjwa na aliyeumia. Kazi ya vyoo izunguke, isibaki ya vijana watano wa parokia, sisi wa masomo tukijidai wasomi. Na raporo ya mwisho iwe na ukurasa mmoja wa majina.

Ukurasa ule tumeanza kuutayarisha wenyewe. Tulizunguka jikoni, parokia na kwenye chemchemi na daftari. Ilitupa haya kidogo: kuna mama ambaye tulikula mikononi mwake tangu darasa la kwanza, na tulikuwa tunamwita tu Mama Chumvi. Alicheka aliposikia tunataka jina lake lote, akalitaja polepole ili tusilikosee, na alitaka kuona kama tumeliandika vizuri. Mpaka sasa tuko na majina 52. Stensili itapigwa mbele ya Agosti, Bwana Prefe akikubali kutupa karatasi. Mzee anayelinda lango usiku amekataa. Anasema tuandike "Mlinzi" tu, inatosha. Tutarudi kumuuliza Jumamosi.