Kura ya Diwani na Lugha ya Baraza: Funzo kutoka Meru na Embu

Neno diwani lina maana mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua. Kwanza ni mkusanyo wa mashairi. Pili ni mjumbe wa baraza la mji au la wilaya. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu hadi kufika Pwani, ambako lilikuwa pia cheo cha utawala. Watawala wa Vumba Kuu, karibu na mpaka wa sasa wa Kenya na Tanzania, waliitwa madiwani. Aghalabu wasomi huzitaja maana hizo kana kwamba hazihusiani, ilhali shina lake ni moja. Hapo kale diwani lilikuwa daftari la kumbukumbu. Kutokana na daftari ikapatikana ofisi ya waandishi wake, na kutokana na ofisi likapatikana baraza. Kwa hiyo, tangu mwanzo, diwani ni suala la maandishi: ni nani anayeliandika daftari, na ni nani anayeweza kulisoma.

Makala haya yanadai kwamba historia ya uchaguzi wa madiwani katika Meru na Embu ni historia ya wananchi kupewa kura hatua kwa hatua, huku daftari la baraza likibaki katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Maadamu hali ni hiyo, kura ya diwani, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida, haijakamilika. Na jukumu la kuikamilisha linawahusu wasomi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Baraza la Mkuu wa Wilaya

Kabla ya ukoloni, watu wa Meru walikuwa na mfumo wao wa mabaraza ya wazee, na kileleni mwake ilikuwapo Njuri Ncheke, ambayo makao yake yako Nchiru, Tigania. Mtu hakupigiwa kura ili aingie Njuri. Aliteuliwa kwa mwenendo wake, akapimwa kwa miaka mingi, akaapishwa. Ulikuwa mfumo wenye uwajibikaji wake, ila mlango wake ulikuwa wazi kwa wanaume peke yao.

Serikali ya kikoloni ilileta chombo kingine. Kufuatia sheria ya mwaka 1924, Mabaraza ya Wenyeji yalianzishwa katika wilaya mbalimbali za Kenya kuanzia mwaka 1925, Meru na Embu zikiwamo. Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Baadhi ya wajumbe waliteuliwa, hasa machifu, na wengine walipendekezwa na watu katika mikutano ya hadhara. Kumbukumbu za vikao ziliandikwa kwa Kiingereza. Huo ndio mwanzo wa tatizo linalojadiliwa hapa: mjumbe alizungumza, mwingine akatafsiri, na wa tatu akaandika kwa lugha yake mwenyewe.

Katika miaka ya 1930, H. E. Lambert alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru, naye aliitambua Njuri Ncheke na kuitumia kama mkono wa utawala. Wanafunzi wa Kiswahili wanalijua jina la Lambert kwa sababu nyingine. Huyu ndiye aliyechapisha, katika miaka ya 1950, uchunguzi wa lahaja za Kivumba, Kichifundi na Kijomvu. Mtu yule yule aliyechunguza kwa makini usemi wa wavuvi wa Vumba aliwahi kuongoza wilaya ambayo baraza lake liliweka kumbukumbu kwa lugha ya watawala. Jambo hili halitajwi ili kumlaumu. Linatajwa kwa kuwa linaonyesha kuwa elimu ya lugha na utawala wa lugha ni vitu viwili tofauti.

Matokeo ya kuwa na baraza lisilotokana na wale linalowatungia amri yalionekana mwaka 1956. Mwaka huo Njuri Ncheke, baraza la wanaume watupu, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Badala ya kutii, wasichana wengi walianza kutahiriana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, neno la Kimeru lenye maana ya ‘nitajitahiri’. Katika miaka 3 iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo. Tohara ya wasichana ina madhara, na sheria ya mwaka 2011 imeiharamisha kote nchini Kenya. Hoja hapa haihusu ubaya wa desturi hiyo. Inahusu njia iliyotumiwa kuikomesha. Methali inasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mwaka 1956 wazee walikuwapo, na neno likaharibika, kwa kuwa wenye kuhusika hawakuulizwa.

Kura ya wenye vyeti

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957. Haukuwa uchaguzi wa madiwani, lakini ndio uliowafunza watu wa Meru na Embu maana ya sanduku la kura. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mali, mapato, umri na utumishi, na mtu mmoja aliyetimiza masharti mengi angeweza kuwa na kura hadi 3. Tena, kwa sababu ya Hali ya Hatari, wapiga kura wa Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulijumuisha Meru na Embu, walitakiwa kuwa na vyeti vya utiifu kwa serikali. Wakikuyu wengi walinyimwa vyeti hivyo. Kwa hiyo wapiga kura wa Meru walikuwa wengi kupita kiasi, na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah kutoka Embu naye akajiunga na wajumbe hao.

Ushindi wa Mate ulikuwa halali kwa sheria za wakati ule. Hata hivyo, unafundisha kwamba mshindi wa kura hutegemea sana orodha ya wanaoruhusiwa kupiga kura. Orodha nayo ni daftari.

Mkono mtupu

Uhuru ulipofika mwaka 1963, mwananchi mzima alikuwa na kura yake moja, na Meru na Embu zilikuwa zimehamishiwa katika Jimbo la Mashariki. Mabaraza ya kaunti yalisimamia shule za msingi, afya na barabara. Kwa muda mfupi diwani alikuwa mtu mwenye uzito: mwananchi aliyetaka darasa lijengwe alijua mlango wa kubisha.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karatasi za uteuzi za wagombea wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa ya kuyanyang’anya mabaraza ya kaunti shule, afya na barabara, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka 1970. Waswahili husema kuwa mkono mtupu haulambwi. Baada ya hapo diwani aliachiwa soko, machinjio, leseni na ushuru. Wananchi waliendelea kumchagua mtu ambaye hakuwa na la kuwapa, kisha wakamcheka kwa kukosa la kuwapa. Dharau iliyolizonga neno diwani katika mazungumzo ya kila siku ilitokana, kwa sehemu kubwa, na uamuzi huo wa Nairobi. Haikutokana na watu wa Embu wala wa Meru.

Mwaka 1988 kura yenyewe ilipoteza siri yake. Katika uteuzi wa KANU wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake, na kwa upande wa ubunge, aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mshindi bila haja ya kura ya siri. Neno mlolongo, lililokuwa jina la kawaida la watu au vitu vilivyofuatana, likageuka kuwa jina la aibu ya kisiasa. Mfumo huo uliachwa baada ya malalamiko mengi, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. Hata wakati huo, meya wa manispaa ya Meru au ya Embu hakuchaguliwa na wakazi wa mji; alichaguliwa na madiwani wenzake faraghani mwa ukumbi. Mwaka 1998 sheria iliyatengea mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa. Zilikuwa fedha za maana, lakini makadirio ya matumizi yake yaliandikwa kwa lugha ile ile ya mwaka 1925.

Kura mbili zinapogongana

Katiba ya mwaka 2010 iliyafuta mabaraza hayo, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mahali pao pakachukuliwa na serikali za kaunti. Meru ilipata wadi 45, Embu 20. Cheo kikabadilika kuwa Mwakilishi wa Wadi, ingawa wazee wengi vijijini bado humwita diwani. Safari hii mjumbe hakuwa mkono mtupu. Alipewa uwezo wa kutunga sheria, kupitisha bajeti, na hata kumwondoa gavana.

Ilikuwa Embu iliyoonyesha uzito wa uwezo huo. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Martin Wambora alikuwa gavana wa kwanza nchini Kenya kutimuliwa na bunge la kaunti na Seneti. Mahakama ilimrejesha, akatimuliwa tena mwaka huo huo, kesi zikaendelea, naye akabaki kitini. Mwaka 2017 wapiga kura wa Embu walimchagua upya. Meru nayo ilimchagua Kawira Mwangaza mnamo Agosti 2022 akiwa mgombea huru. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mwaka 2022, mwaka 2023 na mwaka 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilimwondolea mashtaka. Mara ya tatu ikayathibitisha, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikauidhinisha uamuzi huo.

Makala haya hayaamui nani alikuwa na haki. Yanamtazama mpiga kura. Siku moja, katika kituo kimoja, mkulima wa miraa wa Igembe alimpigia kura gavana na akampigia kura mwakilishi wa wadi. Kisha kura yake moja ikaishtaki kura yake nyingine. Mashtaka, hoja na majibu yaliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Yeye alipata habari zake kwa vipande vya redio na kwa kelele za mikutano, kila upande ukimsimulia unavyotaka. Mwenye mali aliletewa kesi ya mali yake kwa lugha inayomlazimu kumwamini mfasiri.

Daftari lisomeke

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwa na wajumbe wenye elimu kubwa zaidi. Sheria ya uchaguzi ilikusudia kuwalazimisha wawakilishi wa wadi wawe na shahada, lakini Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikalibatilisha sharti hilo. Hata kama lingebaki, lingempa mjumbe uwezo wa kuisoma bajeti, na mpiga kura angeachwa pale pale alipokuwa. Wengine watasema kwamba Kimeru na Kiembu zinatosha. Lugha hizo zina nafasi yake katika mikutano ya vijijini na zisidharauliwe. Lakini Meru ina Wakikuyu na wengineo katika wadi ya Timau, na Embu ina Wakamba katika wadi ya Makima, mbali na Wambeere ambao hawapendi kuhesabiwa kuwa Waembu. Kiswahili peke yake ndicho kinachowakutanisha hawa wote bila mmoja kuwa mgeni wa mwenzake.

Wala si jambo la kuomba kama hisani. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inakiweka miongoni mwa lugha rasmi za bunge la kaunti. Kinachokosekana ni kazi ya mikono. Nani ameandaa istilahi za bajeti ya kaunti ambazo karani wa Runyenjes anaweza kuzitumia kesho asubuhi? Nani amefasiri mswada mmoja tu wa Meru ukasomwa sokoni Gakoromone kabla ya wananchi kuombwa maoni yao? Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na wengi huishia kurudia uchambuzi wa riwaya zile zile. Kufasiri bajeti ya wadi, kuchunguza kumbukumbu za vikao, kukusanya msamiati wa kampeni za Mbeere na Tigania ni kazi za kitaaluma zenye manufaa ya papo hapo.

Diwani lilianza kama daftari. Watu wa Meru na Embu walisubiri tangu mwaka 1925 hadi 1963 ili kila mtu mzima apate kura yake, na wakasubiri tena hadi mwaka 2013 ili kura hiyo ipate nguvu. Haifai wasubiri nusu karne nyingine ili waweze kusoma kilichoandikwa kwa niaba yao.