Jina na Lilingane na Tendo



Abiria ashukaye Kimbo hukanyaga kazi ya Wachina. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ilijengwa na makampuni matatu kutoka Uchina. Lami yao tumeipokea. Je, hekima ya wahenga wao tumeiuliza lolote?

Twauliza kwa sababu ingalipo hoja kongwe kwamba demokrasia ni vazi la Wazungu, na kwamba mila za Afrika na Asia humtaka raia atii na kunyamaza. Hoja hiyo tulihubiriwa sana kabla ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991. Kim Dae-jung wa Korea Kusini, aliyehukumiwa kifo na watawala wa nchi yake mwaka 1980, na ambaye baadaye alikuwa Rais, aliijibu mwaka 1994 kwa kumtaja Mengzi, mwanafalsafa wa Uchina wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Mengzi alifundisha kwamba katika dola watu ndio wenye uzito wa kwanza, na mtawala huja mwisho. Nani basi asemaye kwamba haki ya wananchi ilizaliwa Ulaya pekee?

Kabla yake, Confucius aliulizwa angeanzia wapi iwapo angekabidhiwa serikali. Akajibu kuwa angeanza kwa kuyanyosha majina, ili kila kitu kistahili jina lake. Jina likipotoka, alionya, hata hukumu hupotoka.

Wakenya twalijua somo hili kwa makovu. Tuliimbiwa Amani, Upendo na Umoja kwa jina la Nyayo. Na katika jengo liitwalo Nyayo House, raia waliteswa katika miaka ya 1980. Mwaka 1988, zoezi lililoitwa uchaguzi liliwapa ushindi watu wenye mlolongo mfupi. Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa limeupinga mlolongo huo tangu 1986, nalo likashutumiwa.

Wapo watakaosema kwamba Confucius huyo huyo ametumiwa kuwafunza watu kuwainamia wakubwa, na kwamba Uchina yenyewe ingali chini ya chama kimoja. Ni kweli. Lakini hata Biblia ilitumiwa kutetea utumwa. Hatukuitupa, tuliisoma upya. Hekima haimilikiwi na serikali.

Katiba ya 2010 imetupa majina mema. Ibara ya 1 yasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 10 yataja uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Kazi iliyosalia ni kuyanyosha. Mkutano wa kuwasomea wakazi wa Kimbo uamuzi uliokwisha kukatwa usiitwe ushirikishaji wa umma. Fedha za mwanasiasa zisizojulikana zilikotoka, ziletwapo madhabahuni, zisiitwe sadaka. Na kijana anayeuliza kodi imekwenda wapi asiitwe mchochezi.

Tusingoje mtawala atuanzie. Kila mmoja wetu na aanze na jina lake mwenyewe: mzee wa kanisa awe mzee kweli, mwanaharakati awe mwanaharakati kweli, na raia awe raia. Hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumwuliza kiongozi kama anastahili kuitwa kiongozi.