Hema la Anasa, Hema la Dhiki

Huko Maasai Mara, mtalii hulipa fedha nyingi ili alale hemani na kumsikia simba akinguruma usiku. Kwetu Kaskazini Mashariki, hema hukumbusha Dadaab, makao ya wakimbizi tangu 1991.

Kaunti ya Mandera, iliko Lafey mpakani mwa Somalia, ina Mbuga ya Kitaifa ya Malka Mari, iliyotangazwa mwaka 1989 kando ya Mto Daua. Wako watakaosema kwamba mahema ya kifahari yataleta usalama. Mimi naona kinyume chake. Mnamo Novemba 2014, abiria 28 wa basi, wakiwamo walimu, waliuawa karibu na mji wa Mandera. Walimu wengi wakahama. Pasipokalika na mwalimu, mtalii atalalaje? Serikali na ililinde darasa kwanza, hema litafuata.