Kalemie: Hati za kiwanja zisibaki ukurasa mmoja

Maji ya Ziwa Tanganyika yanapopanda, kama mwaka 2020 na tena 2024, mkaaji wa Kalemie anatoa kwanza watoto, kisha godoro. Hati za kiwanja zinabaki ndani ya sanduku, na sanduku ndani ya maji. Kwa hiyo wanaopeleka hati zao kuskaniwa wanafanya vema. Shida inakuja baadaye, wakati wa kutunza faili.

Hati yenye kurasa kumi inaweza kuwekwa yote ndani ya faili moja. PDF inafanya hivyo. TIFF, aina ya faili iliyopo tangu 1986, inafanya pia: kila ukurasa unaonyesha mahali ukurasa unaofuata ulipo. Lakini programu nyingi za kuangalia picha hazifuati njia hiyo. Zinafungua ukurasa wa kwanza, basi, wala hazisemi kwamba kuna kurasa nyingine.

Hatari kubwa zaidi ni kugeuza faili hiyo kuwa JPEG ili ipite kwa WhatsApp. JPEG inabeba picha moja tu. Programu isiyotoa picha kwa kila ukurasa itatoa wa kwanza, na tisa zitabaki nyuma. Mtu akishafuta faili ya mwanzo ili simu ipate nafasi, na karatasi zenyewe zimekwisha kuoza, amebaki na jina lake bila mchoro wa mipaka wala sahihi. Jirani akisogeza ua, ataonyesha nini?

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inaweka haki ya mwenye kiwanja juu ya cheti cha uandikishaji. Picha ya simu haichukui nafasi ya cheti hicho. Hata hivyo, nakala kamili inamsaidia mtu kuonyesha cheti kipi kitafutwe; nakala ya ukurasa mmoja inamfanya aonekane mwongo.

Wenye vibanda vya fotokopi wanalipwa kwa ukurasa. Basi waandike idadi ya kurasa kwenye risiti na kufungua faili mbele ya mteja mpaka ukurasa wa mwisho. Ofisi za serikali zinazopokea hati kwa kompyuta nazo zihesabu kurasa kabla ya kupiga muhuri, na zitunze faili ya mwanzo bila kuigeuza. Kazi hiyo haidai mashine mpya. Inadai dakika mbili, na ifanyike sasa, kabla ya mvua kurudi.