Ibada isiwe kikwazo cha shahada

Chuo Kikuu cha Baraton cha Waadventista, cha kwanza cha kibinafsi kupewa hati nchini mwaka 1991, hakifundishi Jumamosi. Hilo halina ubishi: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwatetea wanafunzi Waadventista waliotaka kuiheshimu siku hiyo shuleni.

Utata katika vyuo vya Kikristo u kwenye ibada za lazima. Kumfundisha Mwislamu Biblia darasani ni elimu. Kumnyima shahada kwa kukosa ibada ni shinikizo, na Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 hakiruhusu mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Wakuu wa vyuo hujibu kwamba mwanafunzi alijichagulia. Basi sharti hilo litajwe waziwazi katika barua ya kumwita chuoni, kabla mzazi hajauza ng'ombe alipe karo.