Bata wa Momela na Vifusi vya Mbagala

Limezoeleka mno katika ofisi za manispaa za Dar es Salaam wazo kwamba wanyamapori ni habari ya watu wa Arusha na Mara. Tembo yuko Serengeti, faru yuko Ngorongoro, na mtalii hushukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Huku Temeke na Kinondoni kazi ya ofisa wa ardhi ni viwanja, na bwawa lililosalia katikati ya viwanja huhesabiwa kuwa ni mahali patupu, yaani mahali panapongoja mwenye lori la kifusi.

Wazo hilo ni kasumba. Mkoloni ndiye aliyewagawa wanyama wa nchi hii mafungu mawili: wakubwa wa kupigwa risasi na kupigwa picha, na wadogo wasiostahili hata kutajwa. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Tamko la Arusha juu ya hifadhi ya wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967), na humo hakuwataja wanyama peke yao, bali na mahali wanapoishi. Miaka zaidi ya sitini imepita, na bado wapo watumishi wa umma wanaolisoma Tamko lile kana kwamba liliandikwa kwa ajili ya simba tu.

Na atazamwe basi bata mmoja. Wataalamu humwita Oxyura maccoa. Ni bata mzamaji, mdogo, mnene, mwenye mkia mgumu. Dume lake wakati wa kuzaliana huwa na mdomo wa buluu, kichwa cheusi na mwili wa rangi ya hudhurungi iliyokoza. Hupatikana Afrika tu, katika makundi mawili makubwa: moja la mashariki, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania, na jingine la kusini, Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Zimbabwe. Hapa nchini maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, ni miongoni mwa mahali anapojulikana. Hahami kwa kufuata kipupwe cha Ulaya kama bata wengine wahamao. Yeye hufuata maji: bwawa likikauka huondoka, mvua ikilijaza jingine huenda huko, na mipaka ya nchi haimzuii.

Kwa sababu hiyo amewekwa katika Mkataba wa Hifadhi ya Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa The Hague mwaka 1995. Mkataba huo ulipoanza kutumika mwaka 1999, Tanzania ilikuwamo. Mwaka 2007 ukatayarishwa chini yake mpango wa kimataifa wa kumwokoa bata huyu. Pamoja na hayo yote, hali yake imezidi kuwa mbaya. Katika orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, mwaka 2007 alihesabiwa kuwa yu karibu na hatari. Mwaka 2017 akashushwa daraja. Na leo yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Ndugu yake wa Ulaya na Siberia, mzamaji mwenye kichwa chekundu aitwaye Aythya ferina, ambaye ni wachache tu wa jamii yake wanaofika Afrika Mashariki, naye alitolewa mwaka 2015 katika kundi la wasio na shaka na kutiwa katika kundi la wenye kuhofiwa.

Mikataba imetiwa saini, mipango imechapwa, na bata anapungua. Sababu yake haiko The Hague wala Bonn. Iko katika maumbile ya ndege mwenyewe na katika tabia ya wanaogawa ardhi. Bata mzamaji hali majani ya ukingoni kama bata bukini. Huzama hadi chini, akachekecha tope kwa mdomo na kula viluwiluwi vya usubi na wadudu wengine wa topeni. Kwa hiyo chochote kinachotupwa majini kikatua chini, yeye ndiye wa kwanza kukila. Miguu yake imewekwa nyuma sana ya mwili, jambo linalomfaa sana majini na kumfanya kiwete nchi kavu. Kuruka kwake ni kwa taabu. Sharti akimbie kwanza juu ya maji. Nyavu za makila zikitegwa anapozamia, humnasa na kumzamisha. Tago lake hulijenga katika matete ya ukingoni, hivyo maji yakipanda au kushuka ghafla mayai yamekwisha. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kuambiwa ahamie shambani baada ya bwawa lake kufukiwa. Ana mabwawa au hana kitu.

Hapo ndipo ofisa wa Temeke atakapouliza: Momela na Mbagala, wapi na wapi? Swali ni halali, kwani hakuna anayedai kwamba Mbagala ni makao ya bata huyu. Lakini hali ya ndege anayefuata maji haiamuliwi na ziwa moja lililo ndani ya hifadhi ya taifa lenye askari getini. Huamuliwa na mamia ya mabwawa yasiyo na askari, yasiyo na jina katika faili lolote, ambayo kila moja likifukiwa husemwa kuwa ni dogo lisilo na madhara. Haba na haba hujaza kibaba. Lori na lori hujaza bwawa. Tabia hiyo inaonekana katika miji mingi ya nchi hii, ila haionekani wazi popote kama pembezoni mwa Dar es Salaam, mahali ambapo pengine mtumishi anapita kila asubuhi akienda kazini.

Habari ya dampo la jiji inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na harufu, waliishtaki Halmashauri ya Jiji, na Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuwatupia wananchi taka ni kuwanyima haki yao ya kuishi. Halmashauri haikujifunza kutupa taka vizuri. Ilijifunza kutafuta mahali pengine. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, Kinondoni. Wakazi 795 wa huko nao wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Baadaye zikamwagwa Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi, kisha Mtoni, Temeke, ukingoni mwa bonde la Kizinga, kabla ya kupelekwa Pugu Kinyamwezi. Mwananchi mwenye sauti aliposimama, taka zilihamia kando ya maji, kwa sababu ndege wa bondeni hawana wakili.

Na Kizinga si mto wa ndege peke yao. Ndio mto uliolisha mtambo wa maji wa Mtoni tangu mwaka 1949. Katika bonde la Msimbazi watafiti wamekwisha kupima matope na mboga, wakakuta madini mazito, risasi ikiwamo. Mchicha unaooteshwa humo huuzwa sokoni na kupikwa majumbani, hata kwa maofisa. Tope analolichekecha ndege na tope linalootesha mchicha ni tope moja.

Tena wapo ndege wa mbali wanaoutegemea mji huu moja kwa moja. Pwani ya Dar es Salaam iliorodheshwa mwaka 2002 miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini, katika kitabu cha Neil na Liz Baker kilichotolewa na Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania. Katika matope ya bahari, pamoja na yale ya Kunduchi, hutua kila mwaka ndege wadogo waliozaliwa kaskazini ya mbali ya Siberia. Oktoba 2024 wawili wao, yule mwenye mdomo uliopinda aitwaye Calidris ferruginea na yule wa kijivu aitwaye Pluvialis squatarola, walitiwa katika kundi lile lile la wenye kuhofiwa. Maji yao yanaliwa kidogo kidogo na kuta na vifusi, wala hakuna aliyetangaza kuwa ameamua kuwafukuza.

Yatasemwa maneno mawili ya kupinga. La kwanza ni kwamba watu wanahitaji nyumba. Ni kweli, na serikali ya wafanyakazi na wakulima haiwezi kumweka bata mbele ya mtoto asiye na paa. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya kinamasi si nyumba. Kinamasi hunywa maji ya mvua na kuyatema polepole. Kikifukiwa, maji huingia vyumbani. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulikwisha kulitaja bonde la Msimbazi kuwa ni ardhi ya hatari. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Hao hawakuuawa na uhaba wa mipango. Mpango ulikuwa kabatini miaka thelathini na miwili.

La pili ni zito zaidi, nalo husemwa na wananchi wenyewe: kwamba kila hifadhi inapotajwa, tingatinga huanzia kwa maskini. Hapana budi neno hili lijibiwe kwa haki. Desemba 2015 nyumba za mabondeni zilipobomolewa Kinondoni, miongoni mwa waliovunjiwa wamo waliokuwa na leseni za makazi mikononi. Nani aliwapa? Mtumishi aliyegonga muhuri yule hakulala nje usiku ule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ufuko wa bahari. Haikusema mita 60 kwa mlalahoi na mita sita kwa mwenye ghala. Ikianza kutekelezwa kwa wenye kuta ndefu na malori, mwananchi wa bondeni hatahitaji kuhubiriwa, ataelewa.

Kuna jambo ambalo manispaa zinaweza kulifanya bila kungoja mfadhili. Tanzania ina maeneo manne yenye hadhi ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Yote ni makubwa, na hakuna hata moja lililo Dar es Salaam. Vidimbwi vya Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni havitapata hadhi hiyo, wala haviihitaji. Vinahitaji kuandikwa. Bwawa lililoandikwa kwa jina, kwa kata na kwa ukubwa wake katika daftari la manispaa haliwezi tena kugawiwa kama mahali patupu bila mtu fulani kutia saini yake juu ya uongo. Pengine ndiyo maana daftari lenyewe halipendwi.

Baada ya kuandika, kuhesabu. Mwezi wa Januari ndio wakati wa hesabu ya ndege wa majini barani Afrika, na mwaka 1995 Tanzania ilifanya hesabu yake ya kwanza ya pamoja katika maeneo makubwa ya majimaji. Kazi ile imeachiwa mno wataalamu wachache na wapenzi wa ndege, wengi wao wageni, ilhali nchi ina walimu katika kila kata. Mwalimu wa sayansi wa Mtoni, wa Mbagala, wa Kunduchi au wa Bunju anafundisha mnyororo wa chakula kwa kuchora ubaoni simba na swala ambao mwanafunzi hajawaona, na mto uko mwendo wa miguu kutoka darasani. Wanafunzi kumi, daftari moja na darubini ya kuazima vinatosha kwa asubuhi moja. Wakikuta bata, waandike bata. Wakikuta kifusi, waandike kifusi, tarehe, na namba ya lori, na nakala ipelekwe kwa ofisa mazingira wa manispaa na kwa diwani. Barua ya ofisa elimu kwa walimu wakuu ni ya ukurasa mmoja, na inafaa iwafikie kabla shule hazijafungwa Desemba.